Kamba ya Mbwa wa Mwalimu

Mwezi uliopita mkwe wangu alileta mbwa nyumbani, mdogo, wa manyoya marefu, pamoja na kamba yake ya dukani, nyekundu, yenye ndoano ya chuma. Aliniomba nimshikie kidogo atoe mizigo garini. Nilipoishika ile kamba, vidole vyangu viwili viliingia chini yake vyenyewe, bega la kushoto likashuka, na yule mbwa, ambaye tangu ateremke alikuwa akivuta kila upande, akatulia na kunitazama usoni. Mkwe wangu alishangaa. "Mama, mambo ya mbwa umeyajulia wapi?" Nikamwambia siyajui, nikamrudishia kamba yake, nikaenda kukaa chumbani. Nina wajukuu sasa. Nimefunga na kusali, nimewazika baba yangu na bibi yangu, na bado swali dogo kama lile linanifanya niseme uongo papo hapo.

Naandika haya kwa ajili yenu mliokuwa watoto pale Busia wakati wa serikali ya jeshi. Mnazikumbuka foleni za chumvi na sabuni, maduka ya Wahindi yaliyobaki na majina ya wenyewe juu ya milango, na wale wanaume wa suruali pana na miwani ya giza ambao tulikatazwa kuwatazama. Baadhi yenu mtamjua mtu ninayemsema. Huenda mmekuwa mkimsema vibaya miaka yote hii, na hilo ni kosa langu mimi.

Kwetu tulikuwa Waislamu wa mjini, na Baba alikuwa na lori moja la kubeba mizigo kati ya Tororo na Busia. Wakati huo lori lilikuwa juu ya matofali, kwa sababu tairi moja lilikufa na upande wetu wa mpaka hapakuwa na tairi la kununua. Nyuma ya nyumba tulikuwa na ghala lililowahi kuwekwa mbolea ya Osukuru, ile ya unga mweupe, na hata lilipokuwa tupu vumbi lake liliwasha pua. Lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulifungukia uani kwetu, wa pili ulifungukia uchochoroni, na huo wa pili ulifungwa kwa komeo la ndani.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mwalimu Wandera, Msamia kutoka kijiji cha Lumino, mtu mrefu aliyecheka polepole kana kwamba anaonja kwanza. Alinifundisha darasa la nne. Alikuwa na mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limelala, na alimwita Sukari. Mtu akimuuliza kama kwake kuna sukari, siku zile ambapo hapakuwa na sukari popote, Mwalimu alijibu kwamba anayo moja tu, na inauma.

Haikuuma. Shida yake ilikuwa mapenzi. Sukari alimrukia kila aliyepita, akamwekea miguu kifuani na kumlamba, na siku moja alimrukia Bibi, mama yake Baba, akiwa amevaa kanga zake za kusalia. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, nguo ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Maji hayo mara saba niliyateka mimi kwenye pampu, ndoo kwa ndoo, na Bibi amesimama juu yangu akihesabu kwa sauti.

"Mwambie mwenzio amfunge mbwa wake ama amhamishe!" alimwambia Baba. "Mimi sina maji ya kuchezea. Sabuni yenyewe hakuna!"

Baba na Mwalimu walikuwa marafiki wa kweli, wa kucheza bao barazani na kubishana habari za redio kwa sauti ndogo. Baba alikwenda na mimi nikamfuata. "Mwalimu, sisi tunaheshimiana," alisema. "Lakini huyu ananigombanisha na mama yangu."

"Mzee, una haki," Mwalimu akajibu. "Nipe mwezi mmoja tu, nitamtia adabu."

Alinunua kamba ya katani, akamfunga Sukari shingoni, akatoka naye. Sukari alimburuta Mwalimu mzima kutoka barazani kwake hadi kwa wauza samaki, soko zima likipiga makofi. Aliporudi, shati nje, kiatu kimoja mkononi, nilimngojea mlangoni kwake nikamwambia, "Mwalimu, nipe mimi nimfundishe."

"Wewe? Na bibi yako je?"

"Sitamgusa hata kidogo. Kamba ni ndefu."

Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote. Sikuwahi kumwona Mzungu akitembea na mbwa, sikujua kuwa duniani kuna watu wanaofundisha mbwa. Nilichotaka ni mbwa awezaye kutembea na mtu bila kumgusa, ili Bibi asinitume tena kwenye pampu. Na nilimpenda Sukari, nilimpenda sana, ingawa kwetu neno hilo lisingesemeka kwa habari ya mbwa.

Kila siku baada ya chuo cha Kurani nilimchukua, mfukoni mwa gauni nina omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, niliowaiba jikoni. Mkononi sikumpa, nilichelea mate yake. Nilimdondoshea omena mmoja karibu na mguu wangu wa kushoto, kisha mwingine palepale, mpaka akaelewa kuwa riziki huanguka upande ule. Akivuta, nilisimama kama mlingoti, sikusema neno. Alivuta, akakohoa, akalia, mwisho akageuka kutazama kulikoni. Kamba ikilegea tu, nilipiga hatua. Siku za kwanza tulichukua alasiri nzima kutoka kwa Mwalimu hadi msikitini, ambako mtu mzima anafika kabla ya kumaliza kutafuna muwa. Nilijifunza kushika kamba kwa vidole viwili, kwa maana mkono mzima ukikaza, naye hukaza. Nilimfundisha pia kwamba nikisimama akae, asiinuke mpaka nimwambie "twende". Kabla ya mwezi kwisha tulipita katikati ya watu wanaotoka kusali Ijumaa, kanzu nyeupe kushoto na kulia, na Sukari hakugusa hata moja. Bibi aliona kwa macho yake. Alisema, "Haya," na kwa Bibi hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mwalimu yeye alinisifu mbele ya darasa. "Sukari sasa ana adabu kuliko nyinyi wote," alisema, "na aliyemfundisha ni huyu hapa." Sijawahi kusifiwa vile tena, na nakiri kwamba sifa ile ilinilevya.

Kisha mambo yakabadilika, kwa namna ambayo mtoto haelezwi. Mkewe Mwalimu na watoto walikwenda Lumino ghafla, hata sufuria wakaziacha. Siku mbili baadaye Mwalimu hakuja shuleni. Wanaume wawili wa miwani walifika wakaipindua nyumba yake, wakakata magodoro, wakaondoka. Watu walisema ameshavuka mpaka. Baba mwenyewe alisema hivyo barazani, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake: "Mwalimu ameshavuka zamani! Sasa hivi anakunywa chai Kenya." Nilimwamini, kwa sababu Baba hakuwa mwongo.

Sukari alibaki barazani kwa Mwalimu. Nilimpelekea makoko ya ugali na kila alasiri tulitembea kama kawaida. Baada ya siku chache nikaona jambo jipya. Tulipopita uchochoroni nyuma ya kwetu, Sukari alisimama mbele ya mlango wa ghala, akakaa chini mwenyewe. Mimi sijasimama, sijasema kitu. Alikaa wima, pua karibu na ufa wa mlango, mkia ukifagia vumbi polepole. Nikimwambia "twende" alinitazama kama mtu aliyeombwa jambo lisilo na maana. Ilikuwa hivyo kila siku, mlango uleule.

Nilitafuta maana, nikaipata, na ilinipendeza. Sukari amekubali kwamba sasa mimi ndiye mwenyewe. Mwalimu amevuka, na mbwa anajua kuwa hapa ndipo kwangu.

Yalikuwepo mengine ambayo ningeyaona kama ningekuwa na akili ya kuyaona. Bibi alianza kuagiza maziwa zaidi. Maziwa yaliletwa kila asubuhi na Nekesa, mama mmoja wa upande wa Bulumbi, mnene, mwenye maneno, aliyebeba kopo lake kichwani bila kulishika. "Bibi, wewe nakunywa maziwa kama ndama!" alimtania. "Unataka kuolewa tena?" Bibi alimjibu kuwa ni tumbo tu, linataka maziwa. Na uji wa asubuhi ulipikwa mwingi, na sufuria ilirudi tupu, na mimi nilidhani ni Baba anayekula kwa huzuni ya lori lake.

Alikuwepo pia Afande, mkubwa wa wale wanaume wa miwani. Alihamia nyumba ya Mhindi mwuza vitambaa, pale njia panda, na alasiri alikaa nje kwenye kiti cha kamba akinukia sabuni. Watu wazima walivuka barabara ili wasimpite karibu. Mimi sikuvuka, maana nilikuwa na mbwa wangu na nilitaka kuonwa.

"Wewe mtoto! Kuja hapa," aliniita. "Hii mbwa nani nafundisha?"

"Mimi, Afande."

"Wewe? Mtoto ya kike?" Alicheka, tumbo likatikisika. "Tembea. Mimi nataka kuona."

Nikatembea. Nikasimama, Sukari akakaa. Nikageuka kushoto, akageuka nami. Afande alipiga makofi, akanipa kipande cha sabuni ya kunukia kilichofungwa karatasi. Sijui tangu lini mtoto wa Busia alishika sabuni kama ile.

"Mwenyewe ya mbwa iko wapi?" aliuliza.

"Mwalimu alivuka, Afande. Yuko Kenya."

"Na mbwa hapana lia? Hapana tafuta yeye?"

Ningeweza kusema sijui. Neno hilo ndilo watoto wote wa wakati ule walifundishwa kabla ya salamu: mkubwa akikuuliza, sema sijui. Lakini nilikuwa nimesifiwa, na nilitaka zaidi.

"Hamtafuti tena," nikasema. "Sasa ananipenda mimi. Kila siku akifika mlango wa ghala letu anakaa mwenyewe, hata sijamwambia. Nikimvuta anakataa kuondoka."

Afande alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, muda mrefu. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, mekundu kidogo. "Hiyo ni mzuri," alisema. "Kesho saa kumi, onyesha mimi hiyo."

Kesho yake nilimsugua Sukari kwa majani makavu, nikavaa gauni la Idi. Nyumbani nilimwambia Bibi kuwa sabuni nimeiokota. Baba alikuwa amevuka tangu asubuhi kwenda kuulizia tairi. Saa kumi nilikuwa njia panda, na Afande alikuja na wanaume watatu nyuma yake. Nilifurahi. Nilidhani amewaalika waje kuniona.

Tulishika njia yetu ya kila siku, mimi na Sukari mbele, wao nyuma, viatu vyao vikilia kwenye changarawe. Nakumbuka nilikuwa nikitabasamu. Watu walifunga madirisha na mimi nikadhani wanaogopa mbwa. Tulipofika mlango wa ghala Sukari akakaa, wima kabisa, pua kwenye ufa. Nikageuka kwa Afande nikainama kidogo, kama tulivyofundishwa kuinama siku ya wazazi shuleni.

"Mzuri sana," alisema Afande, na kwa mkono wake akanisogeza pembeni, si kwa nguvu.

Mlango uliangushwa kwa teke la tatu. Mwalimu alitoka mwenyewe kabla hawajaingia, mikono juu ya kichwa, nywele na kope nyeupe kwa vumbi la mbolea, akikunja macho kwa jua. Mkia wa Sukari ulipiga chini kwa kasi, mwili mzima ukamtetemeka, lakini hakuinuka. Nilimfundisha asiinuke mpaka nimwambie, na mimi sikuwa na sauti.

Mwalimu alimtazama mbwa, akatazama kamba, akaifuata kwa macho mpaka mkononi mwangu. "Umemfundisha vizuri," alisema. Alisema kwa sauti ileile ya darasani. Sijui mpaka leo alisema kwa uchungu, au alikuwa anaona mtoto anaanza kutetemeka na akataka kumtuliza. Kisha akamgeukia Afande. "Mwenye nyumba hajui kitu. Niliingia kwa mlango huu mwenyewe."

Waliondoka naye. Hakuonekana tena, wala hakuna kaburi lake. Baba alichukuliwa jioni ileile aliporudi, akakaa kwao siku tatu, na nafikiri ni yale maneno ya Mwalimu yaliyomrudisha. Alirudi hawezi kukaa vizuri, na lori likawa limechukuliwa. Tairi, niliambiwa nilipokuwa mkubwa, lilikuwa limepatikana siku ile. Mpango ulikuwa Mwalimu avuke usiku unaofuata chini ya mizigo.

Nyumbani swali lilikuwa moja. Ni nani aliyesema? Bibi hakuwa nyumbani saa ile, alikuwa kwenye maziko. Walioona kupitia madirisha hawakuthubutu kusema walichoona. Mimi nililala na homa siku mbili, homa ya kweli, na wote walidhani ni hofu. Baba na Bibi walikaa chini wakahesabu nani angeweza kujua, na wakabaki na mtu mmoja tu, aliyejua kuwa nyumba ya watu watatu ghafla inakunywa maziwa ya watu wanne.

Nekesa alikuja asubuhi kama kawaida. "Maziwa!" aliita mlangoni. Bibi alitoka. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika upindo wa kanga yake.

"Chukua maziwa yako," alisema Bibi. "Yana damu ya mtu."

Nekesa hakuelewa mara moja. Alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha tabasamu likaondoka, akamtazama Bibi, na halafu akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nalia, na nilidhani ananionea huruma kwa kulia. Alijitwika kopo lake akaenda zake, hakujitetea hata kwa neno moja. Bibi alisema, "Umeona? Hana la kusema."

Habari ilizunguka mji kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyenunua maziwa kwake tena, na Lumino nako walisikia, na watoto wa Mwalimu wakakua wakijua jina la mwanamke aliyemuuza baba yao. Sukari alichukuliwa na Afande. Alasiri tulimwona akipitishwa mjini kwa kamba ileile ya katani, upande wa kushoto wa Afande, hatua kwa hatua, hamgusi mtu. Watu walisema yule mbwa hana aibu. Afande akiniona aliniita kwa furaha, "Mwalimu ya mbwa!" nami nilikimbia, na kila mtu alidhani naogopa jeshi.

Ningesema lini? Nilijiambia nitasema Baba akipona. Alipopona nikajiambia nitasema serikali ikibadilika. Ilibadilika, tukacheza barabarani, na mimi nilicheza pia. Nikaolewa, Bibi akafariki, na kila mwaka uliopita uliifanya siri ile iwe nzito zaidi kuitoa. Baba alikufa akiamini ni Nekesa. Sikumwambia hata nilipokuwa nikimlisha kwa kijiko.

Kwenye matanga ya Baba, Nekesa alikuja. Alikuwa mzee, amekonda, amevuka kutoka upande wa Kenya alikohamia. Wanawake walimwona wakasogea, si kwa kumpa nafasi. Nilimchukulia chai nikamtoa nje, tukakaa kwenye ngazi ya jikoni, na huko ndiko mdomo wangu ulifunguka.

"Mama, siku ile ya Mwalimu," nikaanza. "Aliyewaleta wale watu..."

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Nilikuwa pale kwa kona, nafunga ngata yangu. Wewe mbele na mbwa, wao nyuma. Ulikuwa nacheka."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alipuliza chai yake kwanza.

"Nitasema kwa nani? Baba yako ametoka ndani kwao juzi tu. Nikisema ni mtoto wake, watu watasema ni yeye alituma mtoto. Na wewe ulikuwa kidogo hivi." Alionyesha kwa mkono. "Nikasema, huyu atakuwa mkubwa, atasema mwenyewe. Nikangoja."

Nililia, nikaomba radhi, nikayasema yote ambayo mtu husema. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Mimi sitaki kitu kwako," alisema. "Lakini watoto ya Mwalimu iko Lumino bado. Wakikutana na mimi sokoni, wanatema mate. Enda, sema na wao."

Nikamwahidi nitakwenda kabla ya wiki kwisha. Aliniamini, au alijifanya kuniamini, akamaliza chai yake na kunirudishia kikombe.

Kutoka kwangu hadi Lumino ni mwendo wa pikipiki, hata saa moja haifiki. Mara mbili nimepanda, na mara zote mbili nilimwambia dereva njiani kwamba nimesahau kitu nyumbani. Nekesa tulimzika mwaka jana. Watoto wa Mwalimu hawakuja mazikoni, na mtu mmoja karibu yangu alisema ni haki yao, na mimi nikanyamaza. Bado sijaenda.